‘Amina’: Mume anapozungumza na mke aliyetangulia

Na MWANDISHI WETU

KITHIMANI ni mji wa soko ulio kando ya barabara kuu itokayo Thika kuelekea Garissa, katika eneo la Yatta, Kaunti ya Machakos. Wenyeji wake wanaujua kwa jua kali na kwa Mfereji wa Yatta, uliochimbwa katika miaka ya 1950 na wafungwa wa enzi ya Hali ya Hatari. Maji ya mfereji huo yamewawezesha wakulima kupanda mahali ambapo mvua haitegemeki.

Huko ndiko nilikohudhuria mazishi ya mama mmoja mzee. Utaratibu ulikuwa ule ule tuuonao kila wikendi: mahema, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma, na kijitabu chenye picha ya marehemu kwenye jalada. Wasifu ulisomwa: mwaka wa kuzaliwa, shule, ubatizo, ndoa, watoto, wajukuu, siku aliyolazwa hospitalini na saa aliyokata roho.

Kisha mumewe akapewa nafasi. Alikuwa ameandikiwa hotuba fupi ya kuwashukuru wageni. Aliikunja, akaitia mfukoni, akasogea hadi penye jeneza na kuanza kusema na mkewe kwa Kikamba kana kwamba wameketi wawili jioni baada ya chakula. Alimwarifu kwamba yule ng’ombe aliyekuwa akimhofia amezaa salama. Alimwuliza ni nani sasa atakayemwambia kwamba ukosi wa shati lake umejikunja. Watu walianza kutazamana. Mfawidhi, aliyekuwa akichungulia saa yake, alimwendea, akamgusa bega na kumrai arudi kitini. Baadaye nilisikia watu wakinong’ona kwamba mzee amechanganyikiwa.

Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa akifanya kwa maneno ya kawaida jambo lile lile ambalo Shaaban Robert alilifanya kwa ushairi katika ‘Amina’, shairi la maombolezo ambalo wengi wetu tulilisoma shuleni kisha tukalisahau.

Aliyenikumbusha shairi hilo ni mjukuu wa marehemu, binti wa kidato cha nne. Alijua kwamba kazi yangu ni kuhariri magazeti, basi alinijia tulipokuwa tukinawa mikono. “Mzee,” akaniambia, “sisi tulisoma ‘Amina’ darasani. Mshairi anasema fundo la mapenzi yao halina wa kulilegeza. Halafu mwishoni anasema mapenzi hayo yatarudi. Kama hayakuondoka, yatarudi kutoka wapi?”

Darasani, alieleza, walikuwa wamehesabu mizani, wakataja vina, wakaendelea na shairi jingine. Makala haya ni jaribio la kumjibu binti huyo. Pia ni jaribio la kumtetea babu yake.

AMINA NI NANI?

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, akafariki Juni 1962. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, kazi iliyoanzia katika idara ya forodha mwaka wa 1926. Wasomaji wa hadithi wanamjua kwa Kusadikika na Adili na Nduguze. Wapenzi wa tenzi wanamjua kwa Utenzi wa Vita vya Uhuru.

Amina alikuwa mkewe. Shairi linalobeba jina lake limo katika Maisha Yangu, kitabu ambacho mwandishi alikisimulia mwenyewe na ambacho baadaye kiliunganishwa na sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini. Ni muhimu msomaji kulijua hilo. Katika vitabu vingi vya shule, shairi huchapishwa peke yake, kama kaburi lisilo na jina la ukoo. Mwanafunzi hudhani kwamba Amina ni jina tu lililotungwa ili vina vipatane. Katika Maisha Yangu, ‘Amina’ ni maneno ya mume ambaye amekwisha kutusimulia ndoa yake, na ambaye sasa anabaki na watoto wa kulea.

Ndani ya kitabu hicho hicho zimo tenzi mbili za wasia kwa watoto wake: Hati, aliyomwandikia binti yake, na Adili, aliyomwandikia mwanawe wa kiume. Kwa hiyo mshairi hakuishia kulia. Alimwaga mkewe, kisha akawageukia watoto.

UMBO LAKE

Tulipitie umbo la shairi kwa haraka, maana ndilo linalofundishwa zaidi. ‘Amina’ lina beti sita. Kila ubeti una mishororo minne, yaani ni tarbia, na kila mshororo umegawanyika katika ukwapi na utao. Vina vya kati hubadilika kutoka ubeti mmoja hadi mwingine, lakini kila mshororo, tangu wa kwanza hadi wa ishirini na nne, hutamatishwa na irabu ile ile, a. Mshororo wa nne wa kila ubeti haubadiliki: hicho ndicho kiitikio.

Hayo yote ni kweli, na mtahiniwa akiyaandika atapata alama zake. Lakini umbo hilo lina kazi. Mtu aliyefiwa hurudia. Atasimulia jinsi marehemu alivyougua, na mgeni mwingine akiingia atasimulia tena vile vile. Atawaza huku na huku, kisha atarejea kwenye neno moja analoweza kulishika. Vina vya kati vinavyobadilika ni mawazo yake yanayotangatanga. Kiitikio kisichobadilika ndilo neno lile moja analolirudia.

NANI ANASEMA NA NANI?

Jambo la kwanza la kuangalia katika shairi hili ni viambishi vya nafsi. Mshairi hasemi kuhusu Amina. Anasema na Amina. Tangu ubeti wa kwanza anamwita kwa jina na kumwambia “wewe”: wewe umejitenga nami, wewe umetangulia, wewe ni mfano wa ua lililojifunga baada ya kuchanua. Hapo hapo anamwombea nuru na kukubaliwa peponi.

Katika ubeti wa pili anamweleza alivyotaka mambo yawe. Alitamani ainuke kitandani. Alimwombea dua ili maradhi yasimshinde. Dua hiyo haikujibiwa alivyotaka. Hata hivyo hamlaumu yeyote: anasema kwamba ni kwa rehema yake Mungu alimteua. Wengi hupita juu ya ubeti huu kwa sababu unaonekana mwepisi. Tukumbuke ni nani anayeusema. Ni mtu aliyekesha kando ya mgonjwa akiomba jambo moja, akanyimwa jambo hilo, na sasa amesimama akiomba tena, safari hii si kwa ajili ya uzima wake bali kwa ajili ya pepo yake.

Ubeti wa tatu ndio wenye giza kuliko yote, na hapa pana jambo ambalo msomaji wa haraka hulikosa. Katika mishororo yake mitatu ya kwanza, “wewe” haipo. Mshairi anabaki na “mimi” peke yake. Anakiri kwamba majonzi yake hayasemeki. Anawaza jambo hili na lile. Mambo anayaona kama ruia, neno la kale lenye maana ya ndoto au njozi, ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Hasadiki kwamba mauti ndiyo kikomo cha yote. Kwa muda wa mishororo mitatu, Amina hayupo hata wa kuambiwa. Mshairi hatuelezi kwamba yuko mpweke. Anatuonyesha upweke huo kwa kuiondoa nafsi ya pili katika sarufi yake.

Katika ubeti wa nne Amina anarudi. Mshairi anatamka imani yake kwamba roho haziozi wala hazipotei, kisha anamgeukia tena mpenzi wake na kumwambia kwamba pepo ataiingia. Ubeti wa tano unaleta faraja: sasa Amina amefika mahali ambapo taabu haimsumbui, na mume, ingawa ameachwa nyuma, anaifurahia habari hiyo. Furaha hiyo isieleweke vibaya. Ni ya mtu aliyeyaona mateso ya mgonjwa kwa macho yake na ambaye, licha ya hasara yake mwenyewe, anashukuru kwamba mgonjwa amepumzika. Wauguzaji wote wanaijua, na wengi huionea haya.

Tuangalie pia jinsi safari inavyolifunga shairi pamoja. Mwanzoni Amina ametangulia. Katika ubeti wa tano amefika, na mumewe amebaki nyuma. Kiswahili chetu cha kila siku husema vivyo hivyo: marehemu ametutangulia. Mshairi ameuchukua msemo tulioutumia hadi ukachakaa, akaupa mwanzo, njia na mwisho.

KUFUNGA NA KUFUNGUA

Jambo la pili ni kitenzi kimoja, kufunga. Katika ubeti wa kwanza kinatumika kwa ua, kisha kinatumika kwa mapenzi. Ua lililofunga ni Amina aliyekufa. Mapenzi yaliyofungwa ni ndoa iliyodumu. Kitenzi ni kimoja, maana ni mbili zinazopingana. Kufunga kwa kwanza ni mwisho, na kufunga kwa pili ni agano.

Hapa Kiswahili kimempa mshairi zawadi ambayo lugha nyingine isingempa kwa urahisi. Sisi husema watu wamefunga ndoa. Twafunga mzigo ili usimwagike, twafunga mlango usiku, na siku ya mazishi twafunga jeneza. Shaaban Robert anaziweka maana hizo karibu karibu na kuacha zisukumane. Mauti yamelifunga ua, na hakuna binadamu awezaye kulifungua. Sawa. Lakini mume na mke nao walifunga kitu chao, na mauti pia hayana uwezo wa kukifungua.

Tena kiitikio kina kiambishi ambacho hatukukutana nacho kwa maana hiyo kwingineko katika shairi: tu-, sisi wawili. Katika ubeti wa nne ipo “sisi” nyingine, ila hiyo ni ya wanadamu wote ambao mauti yatawajia. “Sisi” ya mume na mke inaishi ndani ya kiitikio tu. Hata katika ule ubeti wa tatu wenye upweke, mara tu kiitikio kinapoingia, Amina anarudi ndani ya silabi moja.

Kwa hiyo kiitikio hakisemi jambo lile lile mara sita, ingawa maneno hayabadiliki. Mara ya kwanza ni ahadi. Baada ya dua isiyojibiwa ni ukaidi. Baada ya ndoto na bumbuwazi ni kamba ya kushikilia. Baada ya tamko la imani ni nyongeza ya imani hiyo. Baada ya faraja ni kumhakikishia Amina kwamba kufarijika si kusahau. Mwisho kabisa ni tumaini.

MAPENZI YANAREJEA KUTOKA WAPI?

Sasa twaweza kulikabili swali la binti wa Kithimani. Ubeti wa sita unatazama siku ya ufufuo: vumbi litakapoungana tena, roho itakaporudishiwa mwili, mauti yatakapojitenga. Siku hiyo, anasema mshairi, mapenzi yatarejea. Na mara moja anakirudia kiitikio chake kwamba mapenzi hayo hayana wa kuyafungua.

Je, mshairi amejipinga? Kwa mantiki ya darasani, naam. Kitu kisichoondoka hakirudi. Lakini aliyepata kufiwa anajua kwamba yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Mapenzi yapo, na hayapo. Lipo lile fungamano: mume bado ni mume, bado anamtetea mkewe, bado anamwombea. Halipo lile lililokuwa likimiminika kupitia fungamano hilo: sauti, mkono, maneno madogo ya jioni, mtu wa kukwambia kwamba ukosi umejikunja. La kwanza halikuondoka. La pili ndilo litakalorejea.

Mfugaji yeyote wa Yatta ataelewa. Mbuzi aliyefungwa kamba akivutwa mbali, kamba humkaza shingoni kwa sababu fundo bado limeshika. Fundo likifunguka, maumivu yanakwisha. Majonzi ya mjane ndivyo yalivyo. Yanauma kwa sababu hayajafunguliwa, na anayemwambia “sahau sasa” anamwomba afungue kile ambacho yeye mwenyewe aliapa kutokifungua.

WENGINE WALIOFIWA

Shaaban Robert hakuwa wa kwanza katika fasihi ya Kiswahili kutunga kutoka ndani ya kufiwa. Mwaka wa 1858 Mwana Kupona binti Msham aliandika utenzi wake maarufu kwa binti yake. Alikuwa mgonjwa, na alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Utenzi huo hutajwa zaidi kama mafunzo kwa mke, na mara nyingi hujadiliwa kwa hasira au kwa utetezi. Wachache husimama kwenye beti zile ambazo mjane anakumbuka jinsi alivyoishi na mumewe kwa furaha na kicheko, bila ya kugombana, hadi Mungu alipomteua, na jinsi mume huyo alivyomkariria radhi zake saa ya mwisho. Naye pia, kama Shaaban Robert baada yake, aliona kifo kuwa ni kuteuliwa, na alimwachia binti yake wasia.

Nje ya Afrika Mashariki, wasomaji wengi wanalijua shairi la Mmarekani Edgar Allan Poe, ‘Annabel Lee’, lililochapishwa mwaka wa 1849 siku chache baada ya kifo chake. Wengi huamini kwamba alimkusudia mkewe Virginia, aliyefariki mwaka wa 1847 kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Humo pia yumo mpenzi anayedai kwamba hakuna nguvu, ya juu wala ya chini, iwezayo kuzitenganisha roho zao. Dai hilo ni ndugu wa kiitikio cha ‘Amina’. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Msimulizi wa Poe anawalaumu malaika kwa wivu, na usiku anakwenda kulala kando ya kaburi penye bahari. Shaaban Robert hamlaumu yeyote, na halali kaburini. Anaswali, anamaliza kutunga, anasema wazi kwamba amemaliza, na maisha yanamngoja.

WASIFU NA NENO LILILOBAKI

Mhariri ana ugonjwa wake wa kusahihisha, basi nisamehewe hili moja. Vijitabu vingi vya mazishi huandika “tawasifu ya marehemu”. Tawasifu ni habari ya maisha ambayo mtu hujiandikia mwenyewe, na marehemu hakuandika kile kijitabu. Habari za mtu zikiandikwa na mwingine ni wasifu. Shaaban Robert aliijua tofauti hiyo vizuri, maana aliandika vyote viwili: Maisha Yangu ni tawasifu, na Wasifu wa Siti binti Saad ni habari za yule mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja.

Lakini alipofiwa na mkewe aliona kwamba wasifu hautoshi. Wasifu huwaeleza wageni marehemu alikuwa nani. Hauwezi kumwambia marehemu kwamba fundo bado limeshika. Kwa kazi hiyo alihitaji nafsi ya pili, na akaitafuta katika shairi.

Matanga yetu ya siku hizi yana nafasi ya kila kitu: salamu za viongozi, shukrani kwa kamati, matangazo ya michango, hotuba za wanasiasa ambao hawakumjua marehemu. Mjane mwanamume hupewa dakika tatu, na hutarajiwa azitumie kuwashukuru wageni kwa sauti isiyotetemeka. Tumewafunza wanaume kwamba kulia ni udhaifu na kusema na maiti ni wazimu. Kisha twashangaa tunapowaona wakinyauka kimya kimya mwaka mmoja baada ya mazishi.

Nilimjibu yule binti kwa ufupi siku ile, maana gari lilikuwa likiningoja. Nilimwambia: yatarudi kutoka kule yalikozuiliwa, wala si kutoka kule yalikofunguliwa. Alinyamaza kidogo, kisha akatazama upande wa migomba ambako babu yake alikuwa ameketi peke yake, midomo yake ikisogea.

“Basi ndiye anayesema naye,” akasema.

Akachukua kiti cha plastiki, akaenda kuketi karibu naye, bila ya kumkatiza.